Mzee ana fimbo nyeupe, ana simu inayosoma, na bado hatoki nje. Kinachomzuia ni nini?

#1 Binti_wa_Seremala
Habari zenu wadau. Mzee wangu alikuwa fundi wa mbao soko la Gikomba, Nairobi, tangu ujana wake. Presha ya macho imemla polepole. Jicho la kulia lilitangulia, na mwaka jana la kushoto nalo likabaki la kutambua mwanga wa dirisha tu. Kadi ya Baraza la Watu Wenye Ulemavu anayo. Fimbo nyeupe anayo, ile ya kukunjwa, inaning'inia nyuma ya mlango. Kakangu alimnunulia simu yenye TalkBack, programu inayosoma skrini kwa sauti, na binamu aliye Marekani anataka kumletea miwani yenye kamera inayomwambia mtu kilicho mbele yake.

Lakini mzee hatoki. Kitandani, kitini, mezani, basi. Kanisa ameacha. Wenzake wa Gikomba wakija kumjulia hali anatuma tuseme amelala. Siulizi kwa lawama, nauliza kwa uchungu. Vitu vyote hivi vipo, sasa kinachomzuia ni nini?

#2 Omosh_Kayole
Pole sana dada. Jibu ni barabara, usitafute mbali. Atoke aende wapi? Mtaro uko wazi, kifuniko cha shimo la maji taka kilishaibwa kikauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, boda wanapita njia ya miguu, na baada ya hapo kuna meza ya mitumba. Stima ikipotea usiku hata sisi wenye macho tunatembea tukishika ukuta. Mzee wako hajakata tamaa, ana akili timamu tu.

#3 Kijana_wa_Data
Omosh, barabara hazitarekebishwa leo wala kesho, kwa hivyo tuongee kinachowezekana. Hiyo miwani iletwe haraka. Kuna programu ya Be My Eyes ilianzia Denmark 2015: asiyeona anapiga simu ya video, mtu wa kujitolea popote duniani anamsomea. Tangu 2023 unapiga picha tu na akili mnemba inakueleza kila kitu, hadi tarehe ya mwisho kwenye pakiti ya maziwa. Na ni bure, unalipia bando tu. Miaka michache ijayo kutoona hakutakuwa shida tena.

#4 Nuru_ya_Sauti
Mimi ni kipofu tangu utotoni, surua ndiyo ilinichukua macho. Haya ninayaandika kwa simu, kwa kibodi ya nukta sita za breli, maandishi yetu ya kugusa, iliyo ndani ya TalkBack, nimekaa steji nikingoja gari. Kabla hatujafika kwenye miwani, Binti, nikuulize: simu ya mzee inaongea lugha gani?

#5 Binti_wa_Seremala
Kiingereza. Kakangu ndiye aliiweka hivyo.

#6 Nuru_ya_Sauti
Basi anza hapo. Sauti ya Kiingereza ikikutana na ujumbe wa Kiswahili inautafuna. "Nimefika salama" inatoka kama jina la dawa. Mtu mzima aliyepoteza macho juzi anasikia kelele hiyo siku nzima, anaona simu ni ya watoto wa chuo, anaiweka chini. Ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya maandishi kuwa matamshi, chagua huduma ya matamshi ya Google, pakua sauti ya Kiswahili, halafu punguza kasi. Sisi tuliozoea tunaisikiliza mbio mbio, mgeni hawezi.

Mfundishe pia kubonyeza vitufe viwili vya sauti kwa pamoja kama sekunde 3, ili TalkBack ikizimika asibaki gizani akingoja mtu atoke kazini. Na kwenye menyu ya TalkBack kuna kuficha skrini: simu inaendelea kufanya kazi, lakini mtu wa pembeni anaona kioo cheusi. Hiyo ni muhimu sana kwa namba ya siri.

#7 Tabibu_wa_Macho
Ni afisa tabibu wa macho. Kabla uzi haujaenda mbali: Binti, wewe na ndugu zako mmepimwa? Presha ya macho hufuata damu, na sisi Waafrika tuko kwenye hatari kubwa kuliko wengi. Haiumi. Inaanza kula pembeni ya uono, katikati pakiwa safi, kwa hivyo mtu anasoma gazeti vizuri na huku anagonga mabega mlangoni. Siku anayogundua, neva imeshaharibika, na iliyoharibika hairudi. Matone au upasuaji hulinda kilichobaki tu. Nendeni mpimwe presha na waangalie neva yenyewe, nyote mliozaliwa na mzee.

#8 Binti_wa_Seremala
Hakuna aliyetuambia hilo, daktari. Nawapigia leo leo. Asante.

#9 Mama_Imani
Binti wangu haoni, yuko shule ya bweni, kwa hivyo naandika kama mzazi. Swali langu litauma kidogo: nani anamtilia mzee chai? Nani anamchagulia nguo? Akisimama, nani anaruka kumshika?

Nilipompeleka Imani shule nilidhani nampeleka kuteseka. Likizo ya kwanza alirudi akifua soksi zake na kunikemea kwa kuhamisha kiti. Nyumbani tulikuwa tumemfanya mtoto wa kioo. Mtu akifanyiwa kila kitu, mwili unasahau kwamba unaweza. Kwa mzee aliyelisha nyumba kwa mikono yake ni vibaya zaidi, maana kila kikombe unachomshikisha kinamkumbusha alichopoteza.

#10 Omosh_Kayole
Mama Imani hapo sawa, lakini akishajitilia chai bado nje kuna mtaro. Sijatoka kwenye hoja yangu.

#11 Kondakta_wa_Jogoo
Niko kwa gari za Jogoo Road. Abiria wasioona tunabeba na tunawajali. Nikimwona namshika mkono, namwingiza, namkalisha mbele kwa dereva. Watu waache kusema makanga hatuna utu.

#12 Nuru_ya_Sauti
Kondakta kaka yangu, nakuheshimu, na ndiyo maana nitakwambia ukweli. Unaponishika mkono na kunivuta, mimi nimeshapoteza mwelekeo. Sijui ngazi iko wapi, fimbo yangu imeinuka hewani, mtu nisiyemjua ananikokota. Hapo mtaa wa Tom Mboya nimewahi kuvushwa barabara ambayo sikuwa navuka! Ukitaka kunisaidia, sema kwanza, halafu nipe mkono wako. Nitashika juu kidogo ya kiwiko na kukufuata nusu hatua nyuma. Mwili wako ukipanda nitajua kuna ngazi, ukigeuka nitajua. Ukifika mlangoni weka kiganja changu kwenye chuma cha kushikia, mengine niachie.

Na useme steji kwa sauti. Mimi najua tumefika soko la Burma kwa harufu ya nyama, lakini mvua ikinyesha na madirisha yakifungwa hata hiyo sina.

#13 Kondakta_wa_Jogoo
Nimeshika. Kesho naambia wenzangu kwa steji.

#14 Ami_wa_South_B
Kondakta kutaja steji kwa sauti? Hao sauti wanayo ya kuitia abiria tu. Mkishapanda ni muziki hadi moyo unagonga mbavu!

#15 Kondakta_wa_Jogoo
Ami, wewe teremka utembee 😂

#16 Wafula_Kangemi
Mbona mnazunguka? Nyanyangu alikuwa haoni kabisa, akapelekwa hospitali ya macho Kikuyu, akafanyiwa upasuaji, bandeji ilipotolewa akatuhesabu mmoja mmoja. Mpeleke mzee akafanyiwe.

#17 Tabibu_wa_Macho
Wafula, nyanya alikuwa na mtoto wa jicho. Hapo lenzi ndiyo imeingia ukungu, inatolewa, inawekwa ya plastiki, na mtu anaona. Mtoto wa jicho ndio sababu kubwa kuliko zote ya upofu duniani na karibu wote unatibika, kwa hivyo ushauri wako ni mzuri kwa wengi watakaosoma hapa. Kwa mzee wa Binti lenzi si tatizo. Kilichokufa ni neva inayopeleka picha kwenye ubongo.

#18 Wafula_Kangemi
Sawa daktari. Na akiwekewa jicho zima la mtu mwingine?

#19 Tabibu_wa_Macho
Kinachopandikizwa kila siku ni konea, kile kioo cha mbele. Jicho zima lilipandikizwa kwa mara ya kwanza New York mwaka 2023. Lilipata damu, likabaki hai, lakini mgonjwa hakuona kwa jicho hilo, kwa sababu ile ile: neva ikikatwa bado hakuna anayejua kuiunga ipeleke picha tena.

#20 Kijana_wa_Data
Lakini daktari, mashine zipo. Mwaka 2025 walitoa matokeo ya PRIMA, kidude cha milimita 2 kwa 2 kinachowekwa ndani ya jicho, upande wa nyuma, watu 38 Ulaya, na wengi wao wakarudi kusoma herufi. Na kampuni ya Neuralink wana Blindsight, kifaa cha kuruka jicho na neva na kuingia moja kwa moja kwenye ubongo. Marekani wameshaipitisha 2024.

#21 Tabibu_wa_Macho
PRIMA ni kazi kubwa na nimefurahi nayo kama wewe. Lakini ni ya ugonjwa wa katikati ya retina, ile ngozi ya ndani nyuma ya jicho inayopokea picha, unaowapata wazee, na inategemea neva iliyo hai. Kwenye presha ya macho neva ndiyo imekwenda, kwa hivyo haimhusu mzee huyu. Kuhusu Blindsight, kilichotolewa Septemba 2024 ni kuitambua kama kifaa cha kupewa kipaumbele katika uchunguzi. Hiyo si ruhusa ya kuuzwa.

#22 Nuru_ya_Sauti
Na mkumbuke Argus II. Ilikuwa jicho la mashine la kwanza kuruhusiwa, Ulaya 2011 na Marekani 2013, nukta 60 za umeme kwenye retina. Kampuni ikaacha kuitengeneza 2019, watu wakabaki na chuma ndani ya jicho ambacho hakuna wa kukitengeneza kikiharibika. Data, sipingi maendeleo. Maisha yangu yote ni maendeleo! Nilianza shule na sleti na kalamu ya kutoboa, nikaenda kwenye mashine ya Perkins ya kuandikia breli, yenye uzito wa karibu kilo 5 ambayo ilinipa misuli, leo niko na maktaba mfukoni. Lakini ninapochagua kifaa nauliza: kikikufa, fundi yuko wapi? Fimbo ikivunjika najua nitaipata wapi.

#23 Mwalimu_Ndege
Nimefundisha wasioona na sasa nimestaafu. Nimesoma tangu juu, na naona kila mtu anataja kifaa au barabara, na hakuna aliyetaja kifo. Mzee amefiwa. Amefiwa na macho yake, na hakuna aliyekaa naye matanga. Siku alipotoka hospitali alikabidhiwa fimbo kama mtu anavyokabidhiwa risiti.

Mnamjua Henry Wanyoike, mkimbiaji wetu asiyeona. Alipoteza macho 1995 baada ya kiharusi, akiwa kijana wa miaka 20. Hakuamka kesho yake akakimbia. Paralimpiki ya Sydney ilikuwa mwaka 2000, mbio za mita 5000, mwelekezi wake akiwa mgonjwa na karibu kuanguka, na Wanyoike ndiye aliyemhimiza na kumvuta hadi mwisho wakachukua dhahabu. Kutoka 1995 hadi 2000 ni miaka mitano. Mzee wenu mnampa mwaka mmoja.

#24 Ami_wa_South_B
Mwalimu, ile haikuwa Athens?

#25 Mwalimu_Ndege
Athens ni 2004, alirudi akashinda tena. Ya mwelekezi kuishiwa nguvu ni Sydney.

#26 Omosh_Kayole
Mwalimu nakubali huzuni ipo. Lakini hata Wanyoike alikuwa na mwelekezi na uwanja usio na mashimo.

#27 Mwalimu_Ndege
Haswa, na hapo ndipo fundisho linapokosekana. Fimbo ni nusu tu, nusu nyingine ni mtu wa kukufundisha. Hiyo mbinu ya fimbo ndefu ilitengenezwa na Richard Hoover huko Marekani kwa askari waliopofuka kwenye Vita vya Pili vya Dunia. Fimbo ifike kwenye mfupa wa kifua. Ncha inapiga kushoto mguu wa kulia unapokwenda mbele, inapiga kulia wa kushoto unapokwenda, kwa upana wa mabega, ili kila unapokanyaga fimbo ilishapita. Mtaro huo wa Omosh, fimbo inauona kabla yako: ncha inazama badala ya kugonga. Lakini hayo hayajulikani kwa kusomewa karatasi, ni kutembea na mwalimu nyuma yako hadi mkono uzoee. Binti, mzee alifundishwa na nani?

#28 Binti_wa_Seremala
Hakuna mtu. Alipewa tu.

#29 Mwalimu_Ndege
Basi ulizeni Kenya Society for the Blind, iko hapa hapa Nairobi na iliundwa kwa sheria 1956 kwa kazi za namna hii. Na KISE, taasisi ya elimu maalum kule Kasarani. Ombeni mwalimu wa kutembea kwa fimbo, mtaje neno hilo wazi, msikubali kurudishwa na fimbo ya pili.

#30 Wanja_254
Fimbo nyeupe si ilianzishwa na Lions Club Marekani 1930? Naona Mwalimu amempa Hoover sifa zote.

#31 Mwalimu_Ndege
Nilitaja mbinu, sikutaja rangi. Rangi ilianza mapema zaidi: James Biggs wa Bristol, Uingereza, aliyepofuka kwa ajali, aliipaka fimbo yake nyeupe 1921 ili magari yamwone. Lions walifanya kazi ya kuieneza Marekani, hapo uko sawa.

#32 Wanja_254
Nimepata. Nikiongeza: fimbo hiyo nyeupe ndiyo yenyewe inayowafanya wazee waikatae. Shangazi yangu alisema waziwazi kwamba akiishika mtaa wote utajua, na watu wataanza kumwekea sarafu mkononi. Alikuwa amesimama tu akingoja rafiki, mtu akamwangushia shilingi kumi kiganjani. Alilia siku hiyo. Mzee fundi wa Gikomba, anayejulikana, achukuliwe kuwa ombaomba? Binti, mimi naona ni heshima hiyo inayomweka ndani.

#33 Binti_wa_Seremala
Wanja, hapo umenigusa. Kuna kitu mama amenisimulia jana na sikuwa nakijua. Kabla hajaacha kutoka, mzee alienda kutoa pesa kwa wakala karibu na nyumbani. Akaomba asaidiwe kubonyeza. Ujumbe akasomewa na yule yule aliyebonyeza. Alipofika nyumbani mama akahesabu, noti moja ya elfu ilikuwa ya mia. Mzee hakurudi kulalamika. Alisema tu, "Sasa hata mtoto wa juzi ananiibia nikimwangalia."

#34 Mama_Imani
Uwiiii. Pole mama.

#35 Kijana_wa_Data
Hii ndiyo sababu yake, mengine tuache. Mtu wa kazi ya mikono akishaibiwa hivyo, dunia nzima inakuwa mwizi.

#36 Nuru_ya_Sauti
Inauma, na hakuna kati yetu tusioona ambaye haijamkuta. Noti za 2019 zina mistari iliyoinuka ukingoni, kila noti na idadi yake, na ukubwa unatofautiana. Kwenye noti mpya kidole kinasoma vizuri. Noti iliyokwisha kuzunguka soko la Muthurwa imelainika kama kitambaa, mistari imelala. Kwa hivyo usitegemee mistari peke yake. Nyumbani, mkiwa mmekaa, apange mwenyewe: ya elfu haikunjwi, ya mia tano inakunjwa mara moja kwa upana, ya mia mbili kwa urefu, ya mia inakunjwa mara mbili. Mkono wake wa ufundi utashika haraka kuliko mnavyofikiri. Kwa wakala aende na kisikizi sikio moja, skrini imefichwa, abonyeze mwenyewe, na ujumbe asomewe na simu yake, si na binadamu mwingine. Sikio la pili libaki wazi kwa ajili ya magari.

Shida inabaki kwenye programu za benki. Yangu moja ikifunguka nasikia "kitufe, kitufe, kitufe", hakuna hata kimoja chenye jina. Nimewaandikia, wakanijibu niende tawini na mtu anayeona. Na nchi ina kiwango cha KEBS, shirika la viwango, cha vifaa na huduma za kidijitali kufikiwa na wenye ulemavu, KS 2952 cha 2022, na Katiba kifungu cha 54 kinasema tufikie mahali, usafiri na habari. Maneno tunayo.

#37 Omosh_Kayole
Mahali na USAFIRI. Kifungu cha 54 kinakubaliana na mimi.

#38 Ami_wa_South_B
Omosh na mtaro wake, mtu hawezi kumtenganisha nao.

#39 Binti_wa_Seremala
Wadau kuna jambo jingine, na naomba msimcheke mzee. Usiku mama anamsikia akisema "tokeni hapo." Leo nimekaa naye nikamwuliza polepole. Amekiri kwamba anaona watoto. Wamevaa sare, wako wengi, wamesimama ukutani na hawasemi kitu. Mtu asiyeona, anaona watoto! Anasema amenyamaza kwa sababu anajua tutamfikiria kichaa, na anaogopa wataanza akiwa kanisani mbele ya watu.

#40 Wafula_Kangemi
Hiyo si ya hospitali. Kuna mtu amemchezea. Gikomba kuna wivu mwingi wa biashara.

#41 Dada_Neema
Tumweke kwenye maombi. Nitumie jina lake la ubatizo kwa ujumbe wa faragha.

#42 Wanja_254
Ama ni kusahau kwa uzee kunaanza? Mjomba wangu alianza hivyo hivyo, mwisho akawa hajui hata sisi ni nani.

#43 Tabibu_wa_Macho
Wote mngoje. Binti, mwambie mzee leo hii kwamba hana wazimu. Jambo hili lina jina, ugonjwa wa Charles Bonnet. Bonnet alikuwa msomi wa Uswisi, na mwaka 1760 aliandika kuhusu babu yake, mzee mwenye akili timamu ambaye macho yalikuwa yamefifia, akawa anaona watu, ndege na magari ya farasi ambayo hayakuwepo. Ubongo uliozoea kupokea picha, picha zikikatika, unaanza kutengeneza zake. Dalili ni hizo hizo ulizosema: wanaonekana wazi kabisa, hawatoi sauti, na mwenyewe anajua au anajulishwa akaelewa kwamba hawapo. Wengi wanaficha hadi kufa kwa sababu ya hofu hiyo ya kuitwa vichaa.

Wakija, awashe taa kama bado anapata mwanga, au ahamishe macho haraka kulia na kushoto mara kadhaa. Mara nyingi hupotea. Kwa wengi hupungua kadiri muda unavyokwenda. Wakianza kumsemesha, au akiwa anachanganyikiwa na mambo mengine pia, mlete, kwa sababu Wanja naye hajakosea kabisa: kuna magonjwa mengine ya kuchunguzwa.

#44 Binti_wa_Seremala
Nimemsomea ujumbe huu mara mbili. Mara ya pili alisema "huyo babu wa Mzungu, aliishi miaka mingapi?" Ni mara ya kwanza ameuliza swali tangu Krismasi.

#45 Dada_Neema
Maombi hayazuii daktari, vyote viende pamoja. Bwana asifiwe kwa hilo.

#46 Kijana_wa_Data
Kwa hivyo jibu ni hilo? Watoto wa ukutani?

#47 Mwalimu_Ndege
Taratibu kijana. Jana ulisema ni wakala.

#48 Mama_Imani
Mimi bado naona ni chai. Binti hajajibu nani anamtilia.

#49 Binti_wa_Seremala
Mimi, Mama Imani. Ni mimi.

#50 Tabibu_wa_Macho
Niongeze moja la kuangalia: usingizi. Mwanga ndio unaopanga saa ya mwili. Wasiopata mwanga kabisa, wengi saa yao inateleza, wanakesha usiku na kusinzia mchana. Mzee bado ana mwanga kidogo jicho moja, kwa hivyo si lazima iwe hivyo, lakini kama kweli alikuwa amelala wenzake walipokuja, huenda hakuwa anawakwepa. Kila asubuhi akae nje kwenye jua, hata kibarazani. Mwandikieni saa anazolala tuone.

#51 Omosh_Kayole
Kibarazani hakuna mtaro, hiyo napitisha.

#52 Nuru_ya_Sauti
Binti, ulisema ni seremala. Bado anashika mbao?

#53 Binti_wa_Seremala
Hapana, vifaa viko chini ya kitanda. Ila juzi alipitisha kiganja chini ya meza yetu ya kulia, akasimama pembeni pale mguu unapoungana, akasema gundi imeachia. Nikachuchumaa na tochi sikuona kitu. Nikausukuma mguu, ukacheza.

#54 Nuru_ya_Sauti
Si umeona! Mpe msasa aanze na hiyo meza. Namjua jamaa asiyeona anayepiga msasa viti vya watu Kariobangi, anajua kipi kimelainika kwa mgongo wa kidole kuliko mwenye macho. Msumeno na randa vingoje mwalimu. Halafu kama anataka, nitamfundisha nukta sita. Louis Braille mwenyewe alipofuka kwa chombo cha karakana ya baba yake akiwa na miaka 3, na alipokuwa na miaka 15 alikuwa ameshaipanga alfabeti.

#55 Wanja_254
Breli kwa mzee huyo Nuru? Simu inasoma kila kitu siku hizi. Hata watoto shuleni nasikia wanaiacha.

#56 Mama_Imani
Wanja, hapana kabisa! Imani akisikiliza tu anaandika "kwahiyo" kwa namna tatu kwa ukurasa mmoja. Kwenye breli anagusa herufi, anajua neno limejengwa vipi. Shuleni kwao wana Orbit, kile kifaa chenye seli 20 za nukta zinazoinuka na kushuka, vitabu vingi ndani ya kitu cha kubeba kwa mkono mmoja.

#57 Wanja_254
Kwa mtoto nakubali. Kwa mtu wa miaka ya mzee, vidole vilivyokomaa kwa mbao, bado sioni.

#58 Nuru_ya_Sauti
Huenda vidole vikakataa, ni kweli. Sisemi asome kitabu, nasema herufi chache za kuwekea alama vitu. Lakini hata bila hizo: Binti, matone yake ni chupa ngapi?

#59 Binti_wa_Seremala
Mbili. Zinafanana kabisa, kifuniko tu kina rangi tofauti. Ndiyo maana ninamwekea mimi.

#60 Nuru_ya_Sauti
Chupa ya kuwekwa asubuhi tu ifunge rababendi moja shingoni. Ya kuwekwa asubuhi na usiku, mbili. Aweke mwenyewe: alale chali, akunje kope ya chini kwa kidole, tone liingie hapo, afumbe bila kubana. Likianguka shavuni arudie.

#61 Tabibu_wa_Macho
Na abonyeze kona ya jicho upande wa pua kwa dakika moja au mbili, dawa isikimbilie kooni. Dakika tano kati ya chupa na chupa. Binti, mmeshapata siku ya kupimwa?

#62 Binti_wa_Seremala
Jumanne, mimi na kakangu. Dada yetu yuko Eldoret, atapimiwa huko. Rababendi nimeomba kwa mama mboga, amenipa zilizofungia sukuma.